Songea–Mtwara: Saa moja ya kwenye ramani!

Chukua ramani ya Tanzania, msomaji wangu, halafu weka rula kutoka Songea mpaka Mtwara. Utapata kama kilometa 505 hivi, mstari mmoja kuelekea mashariki. Ndege ya mapangaboi aina ya Q400, inayokata zaidi ya kilometa 600 kwa saa, ingeumaliza mwendo huo kwa saa moja tu, kupaa na kutua humo humo. Unapanda umeshiba chai, unatua hata njaa haijauma.

Tatizo ni kwamba rula haiuzi tiketi. Ndege ya Songea hutoka Dar na kurudi Dar, ya Mtwara vivyo hivyo. Kwa hiyo wewe wa Songea unarushwa kwanza kilometa kama 580 hadi Dar, halafu unageuzwa kusini kilometa 400 nyingine. Jumla 980! Hapo hatujahesabu kukaa uwanjani ukinywa soda kwa bei ya kuku. Na ndege za Songea si daladala za Mbagala, kwamba ukikosa hii unadandia inayofuata.

Mwaka juzi binamu yangu, fundi simu pale Songea mjini, alipigiwa simu saa 2 usiku. Bibi amefariki Mtwara, anazikwa kesho alasiri. Jamaa hela ya ndege alikuwa nayo, ila ndege ya kesho yake haikuwepo. Akampigia mjomba kuomba asubiriwe. "Mjomba, maiti hangoji gari," akajibiwa. "Wewe njoo tu."

Basi bwana, saa 11 alfajiri huyo stendi. Kwa barabara ni kilometa kama 660: Namtumbo, Tunduru, Mangaka, Masasi, Ndanda, ndipo Mtwara. Basi haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, maana yake ni zaidi ya saa 8 hata kama dereva hasimami popote. Na nani kamuona dereva asiyesimama? Tunduru wanashuka watu kula, mbele kidogo abiria anapakia magunia yake, kisha trafiki naye ana yake. Dogo anasema kutoka Masasi alikuwa anaangalia saa kuliko dirisha, mikorosho yote ile hakuiona.

Wazee wa kusini watakuuliza unalia nini. Miaka ya 1990, vijana walipokuwa wanakimbilia vito Tunduru, njia hiyo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lori likinasa, mnalala porini na kesho mnasukuma. Lami ilikuja kukamilika miaka ya 2010, ndiyo maana leo mtu anathubutu kusema anakwenda na kufika siku hiyo hiyo.

Dogo alifika saa 11 na nusu jioni, watu wameshatoka makaburini. Mjomba hakumlaumu, alimchukua akampeleka kwenye kaburi bichi, wakasoma dua wawili tu.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu pande zote mbili, usidanganywe na saa moja ya kwenye ramani. Ukipata simu usiku, kata tiketi ya basi la kwanza, beba maji na karanga, na chaji simu kabla hujalala.