Jaribio la Jani na Moto wa Spiriti

Shule nyingi za msingi hazina maabara, na kwa sababu hiyo wanachuo wengi hudhani kwamba habari za usalama wa maabara haziwahusu. Nami nilikuwa na dhana hiyo, hata siku nilipokwenda kumkagua mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja wilayani Pangani.

Somo lilikuwa Sayansi, Darasa la Sita: kuthibitisha kuwa mna wanga katika jani. Andalio la somo nililipitia mwenyewe asubuhi nikalitia sahihi. Liliagiza jani lichemshwe katika spiriti hadi litokwe na rangi ya kijani, kisha litiwe iodini. Agizo hilo si kosa, ila halikueleza lichemshwe kwa namna gani. Sikuuliza.

Mwanachuo aliliteleka kopo la spiriti moja kwa moja juu ya jiko la mafuta ya taa. Watoto wakasogea meza wapate kuona. Upepo wa kusi ulikuwa ukiingia madirishani, na mara mvuke wa spiriti ukashika moto. Yafaa ieleweke kwamba mwali wa spiriti ni hafifu mno. Katika mwanga wa mchana huweza usionekane kabisa. Sisi tuliona hewa ikitetemeka tu juu ya kopo. Mwanachuo akanyosha mkono aliepue, akaungua, kopo likapinduka, na moto ukatambaa mezani hadi alipoegemea mtoto mmoja wa kike. Nilimvuta kwa bega. Mkono wa sare yake ulikuwa umekwisha babuka.

Mwalimu mmoja alikuja mbio na dawa ya meno ampake mwanachuo. Nilimzuia, tukamwagia ule mkono maji baridi ya mtungi kwa muda wa dakika 20, ndipo tukampeleka hospitali.

Ilhali njia ya salama ni nyepesi. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi, na maji kwenye nyuzi 100. Basi chemsha maji kwanza, tia jani humo lilainike, kisha uzime moto kabisa. Hapo ndipo chupa ya spiriti ifunguliwe, na kopo lake litiwe ndani ya maji yale ya moto; joto lake latosha. Watoto wakae hatua mbili nyuma, na ndoo ya mchanga iwe karibu (Pangani mchanga haununuliwi).

Tangu siku hiyo sitii sahihi andalio lenye moto kabla ya kumwuliza mwanachuo atauzima wakati gani.

Mwanachuo yule alilirudia somo baada ya majuma mawili, mkono ukingali na bendeji. Jani likageuka buluu iliyoiva, watoto wakashangilia. Yule binti alisimama mlangoni muda wote.