Mipira 338 na sapu zangu mbili

Najua nimepotea hapa. Sababu wengi mnaijua: sapu mbili, Takwimu na Uhasibu. Zikinishinda ni disko, narudi Marangu kupalilia kahawa, na mzee alishauza ng'ombe kwa ajili ya ada yangu.

Basi Jumapili nikakimbilia nyumbani. Mjomba, mpagazi mstaafu wa mlimani, yuko kibarazani na mbege yake. Nikamwambia nataka kuahirisha mwaka. Hakunijibu. Akaanza habari za wageni waliopanda Kilimanjaro mwaka 2014 kwenda kucheza kriketi ndani ya kreta ya Kibo. “Mjomba, kule ukipiga hatua kumi unapumzika. Wao walikuwa wanakimbia!”

Nikajua ni mbege inaongea. Nimerudi Moshi nikaingia mtandaoni, kumbe kweli! Septemba 2014, zaidi ya mita 5,700 juu, wakavunja rekodi iliyowekwa kule Everest mwaka 2009. Mawingu ndiyo yaliyowatoa uwanjani. Alikuwepo Makhaya Ntini wa Afrika Kusini. Ila aliyeniteka mimi ni dada wa Kiingereza, Heather Knight.

Huyu dada Agosti 2013 alikuwa mpigaji wa kufungua, yaani anaingia wa kwanza, mpira ukiwa bado mpya na mgumu. Mechi ya siku nne dhidi ya Australia, pale Wormsley. Wenzake wakawa wanatoka tu, sita nje na mikimbio 113. Yeye kabaki. Akaja Laura Marsh, wakaganda wote wawili mpaka wakaongeza 156. Marsh alipata 55 kwa mipira 304, jamani! Knight akafikisha 157 kwa mipira 338, karibu saa saba anazuia, anaacha, anazuia. Mechi ikaisha sare. (Mchezo wenye mapumziko ya chai, sisi Wabongo tumeukosaje?)

Nilichopenda ni ile mipira ambayo hakuigusa. Mimi kwenye mtihani nikiona swali gumu nalirukia na jibu la kubuni, nisionekane nimeacha nafasi. Karatasi ya Uhasibu niliimaliza nusu saa kabla ya muda nikatoka natembea kifua mbele. Matokeo mmeyaona.

Mwaka 2016 akapewa unahodha wa Uingereza, na Julai 2017 akanyanyua Kombe la Dunia pale Lord's, wakiifunga India kwa mikimbio 9 tu. Aliongoza mechi 199. Machi 2025 wakamvua, baada ya kwenda Australia na kupoteza kila kitu. Kwa hiyo msije mkaniambia uvumilivu unalipa kila siku, mimi hilo sijasema.

Nilimpigia mjomba kumwambia nimeamini. Akacheka sana, kisha akauliza, “Sasa ule mwaka unaahirisha?” Nikamwambia bado nafikiria. Akasema sawa, akakata simu. Fomu ya kuahirisha iko chini ya godoro, sijaijaza.

Takwimu ni keshokutwa saa tatu asubuhi. Safari hii nakaa mpaka msimamizi aje kuninyang'anya karatasi. Mwenye desa la mada ya nne anipitishie, nitakuwa maktaba, meza ile ya dirishani inayotazama mlima.