Sauti ya mama ilikuwa ndani ya diski iliyoanguka

Mpenzi msomaji, je, picha za watoto wako ziko wapi wakati huu unaposoma ukurasa huu? Usinijibu haraka. Najua utasema ziko kwenye simu. Na zile za simu ya zamani, iliyopasuka kioo ukaitia kabatini? Na zile za harusi, ulizopewa na mpiga picha ndani ya flashi ndogo kama kidole, ukaihifadhi pamoja na vifungo na sindano?

Nakuuliza kwa sababu mimi nilijiuliza nikiwa nimechelewa.

Ilikuwa Jumamosi jioni, nyumbani kwetu Umoja. Nilikuwa nimeketi na kipakatalishi changu, kando yake diski ya nje, ile ya kuunganishwa kwa waya. Kitindamimba wangu alipita mbio akifukuza mpira, mguu ukanasa waya, diski ikaanguka sakafuni. Haikuanguka kutoka juu sana, maana meza yetu ni fupi. Lakini nilipoichomeka tena ilitoa mlio wa tik, tik, tik, mithili ya saa ya ukutani, na kompyuta ikakataa kabisa kuitambua.

Baadaye fundi alinieleza kwamba ndani ya diski kama hiyo mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusoma huelea juu yake katika nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele. Ikigongwa wakati inazunguka, kichwa huikwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena.

Mlikuwa na picha za miaka sita. Mlikuwa pia na kazi za dadangu mkubwa, ambaye amekodi chumba cha chini katika jengo hili hili tunamoishi, anakopiga chapa na kutengeneza kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Kompyuta yake ilikuwa imejaa, kwa hivyo tukahamishia kwangu. Na mlikuwa na sauti ya mama. Mwaka wa 2016 niliketi naye jikoni akichambua mchicha, nikamuuliza habari za usichana wake, nikazinasa. Dakika arobaini hivi. Mama alituacha mwaka wa 2019.

Fundi alidai malipo yaliyozidi bei ya diski yenyewe mara tano. Tulilipa. Alirudisha karibu nusu ya picha na baadhi ya kadi. Sauti ya mama hakuipata.

Basi hapo ndipo mimi na dada tulipoketi tukasema, hapana, hatutarudia. Tulianza kutafuta kasha la hifadhi la mtandao, ambalo wafanyabiashara wa kompyuta huliita NAS. Kwa ufupi, ni kisanduku kidogo, ukubwa wake kama mkate mmoja na nusu, chenye diski ndani, kinachounganishwa kwa waya na ruta ya intaneti. Kompyuta na simu zote za nyumba hiyo huweza kuweka na kuchukua vitu humo, kila mtu kwa jina na nywila yake. Hakihitaji intaneti ya nje ili kifanye kazi ndani ya nyumba. Utakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Mwenye kasha alizidi kufungua faili zake bila shida.

Labda utaniuliza, kwa nini nisilipie wingu tu kama wengine? Swali zuri. Watu wengi walizoea kuweka picha zao Google Photos bila malipo wala kikomo, hadi tarehe 1 Juni 2021 utaratibu huo ulipokoma. Tangu hapo gigabaiti 15 za bure hugawanywa kati ya picha, barua pepe na faili nyinginezo, na familia yenye simu tatu huzimaliza upesi. Silikatai wingu. Kwa mwanafunzi mwenye simu moja na kazi za chuo, wingu latosha na kasha ni gharama za bure. Lakini sisi tulikuwa na kompyuta tatu, simu tano na kazi za wateja zenye uzito.

Twende madukani sasa. Nilishuka barabara ya Luthuli, kama tufanyavyo sote, nikaingia duka la kwanza. Kijana mmoja mchangamfu akaniambia, "Dada, chukua hili la diski nne, hutajuta." Hakuniuliza nina faili kiasi gani. Hakuniuliza ni za nini.

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu mwenyewe kwa kalamu. Picha ya simu ni kama megabaiti 4. Terabaiti moja basi yameza picha 250,000. Sisi na dada, ukijumlisha vyote pamoja na video, hatukufika terabaiti mbili. Kwa nini ninunue kasha la diski nne? Hesabu hiyo ilituokolea pesa nyingi kuliko kubembeleza bei. (Usishtuke lakini ukinunua diski ya terabaiti 4 kisha kompyuta ikuambie ni 3.6. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024.)

Kasha la diski moja ni rahisi zaidi, nami nilitamani kulichukua. Dada ndiye aliyekataa. Alisema, "Tumetoka kulia kwa ajili ya diski moja, sasa tununue diski moja tena?" Tulichagua la diski mbili, na diski mbili za terabaiti 4, zikapangwa ziwe kioo cha kila moja. Kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa kwenye ya pili papo hapo. Unalipia terabaiti nane, unatumia nne. Wengi hukasirika wakisikia hivyo. Lakini diski moja ikifa, kazi huendelea, unaing'oa, unaweka mpya, na kasha hujinakili lenyewe.

Na diski hazinunuliwi ovyo. Kuna aina ambayo mistari yake ya kuandikia hulaliana kama mabati ya paa, ukingo juu ya ukingo, ili nafasi iwe kubwa. Kusoma ni sawa, ila ukitaka kubadilisha mstari mmoja yabidi uguse na jirani zake, sawa na fundi anayebadilisha bati la katikati. Ndani ya kasha la kioo, siku ya kujinakili upya, diski kama hiyo huenda taratibu mno, wakati mwingine hata kasha likaikataa. Mwaka wa 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa mahsusi kwa makasha haya, zilikuwa za mabati na wanunuzi hawakuambiwa. Baadaye waliziweka zile za kawaida chini ya jina Red Plus. Hivyo mwulize muuzaji kama diski ni ya CMR au SMR. Hiyo ya pili ndiyo ya mabati. Akikutazama kama umesema Kigiriki, tafuta namba ya diski hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujatoa hela.

Jambo jingine ni makasha yanayochagua diski. Mwaka wa 2025 Synology, mojawapo ya majina makubwa, ilitaka baadhi ya makasha yake mapya yatumie diski ilizoidhinisha yenyewe, hasa zenye jina lake. Wateja walipiga kelele, na Oktoba mwaka huo huo kampuni ikalegeza. Soma orodha ya diski zinazokubaliwa kabla ya kulipa.

Rafiki yangu mmoja mwalimu alinicheka. Yeye alichukua kompyuta kuukuu ya ofisi, akaitia programu ya bure iitwayo OpenMediaVault, na sasa ana kasha lake kwa bei ya diski tu. Ni njia nzuri kwa mwanafunzi apendaye kuchokorachokora. Mimi sina subira hiyo, na dada hana kabisa. Isitoshe, kompyuta kuukuu hula stima zaidi. Kasha dogo la diski mbili hutumia kama wati 15 hadi 20 linapofanya kazi. Hata likikesha mwezi mzima kwa wati 20, ni uniti kumi na nne na kitu.

Tukizungumzia stima, hapa kwetu usinunue kasha bila UPS, ile betri ya akiba. Stima ikikatika katikati ya kuandika, faili huweza kuharibika kwenye diski zote mbili kwa mpigo. Makasha mengi yana tundu la kuunganisha betri hiyo kwa waya, nalo likigundua chaji inakaribia kwisha hujizima kwa adabu. Mwanzoni mimi niliiona UPS kama anasa. Hapo dada alinishinda tena.

Halafu kuna kosa dogo lililonichelewesha wiki nzima. Kunakili picha za kwanza kulikuwa kukijikokota, nikadhani kasha ni bovu, nikataka kulirudisha dukani. Kumbe kosa lilikuwa la ruta yetu. Matundu yake yalikuwa ya megabiti 100, yaani megabaiti kama 11 kwa sekunde. Gigabaiti 100 zilichukua saa mbili na nusu. Tulinunua kigawanyo kidogo cha gigabiti moja, tukachomeka kasha na kompyuta zote humo, na mzigo uo huo ukaanza kupita kwa robo saa. Kwa hivyo kabla ya kulaumu kasha, lichunguze tundu.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike makala haya.

Miezi mitatu baada ya kununua, kijana anayemsaidia dada alikuwa akisafisha folda. Akaifuta folda ya kadi za wateja wote wa Desemba. Dada alinipigia simu akicheka, "Si tuna kioo? Itoe kwenye diski ya pili." Nikatazama. Diski ya pili nayo ilikuwa imefuta. Ndiyo kazi ya kioo, msomaji wangu. Ukinuna, nacho chanuna. Kinakukinga na diski iliyokufa. Hakikukingi na mkono uliofuta, wala na mwizi atakayebeba kasha zima kwapani, wala na moto. Bahati yetu ni kwamba nilikuwa nimewasha pipa la taka la kasha, ambalo hutunza vilivyofutwa kwa siku thelathini, nasi tukaziokota kadi humo. Nililiwasha kwa kubahatisha tu, kwa kuwa kitufe kilikuwepo.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilisoma habari za mwaka wa 2021, jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyoamka Juni wakakuta diski zao za My Book Live zimefutwa kutoka mbali kupitia intaneti. Vifaa hivyo vilikuwa vimeacha kupokea marekebisho ya usalama tangu 2015. Nilisoma pia za Januari 2022, wahalifu waliojiita Deadbolt walipofunga faili kwenye makasha ya QNAP yaliyokuwa wazi kwa intaneti, wakadai bitikoini 0.03 kwa kila mmoja. Asubuhi nilizima mlango wa kulifikia kasha letu kutoka nje. Mwanzoni niliufungua kwa sababu ilikuwa raha kuwaonyesha watu picha nikiwa kwenye matatu.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ambayo sasa naifuata: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Mahali petu pengine ni kwa shangazi, Nakuru. Tuna diski mbili za nje zinazopokezana. Mwisho wa mwezi moja hupanda gari kwenda Nakuru, imeviringishwa kwenye taulo, na nyingine hurudi. Tumezifunga kwa nywila, kwa maana dada ana majina na namba za simu za wateja humo, na tangu sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019, hilo si jambo la kuchezea hata kwa ofisi ya chumba kimoja. Nywila yenyewe imeandikwa kwenye daftari la shangazi, ukurasa wa madeni ya maziwa.

Gharama ya mpango huo wa Nakuru ni ndogo kuliko ya kasha. Lau ningekuwa na pesa za kitu kimoja tu, ningenunua hizo diski mbili za nje na nauli, kasha lingesubiri.

Shangazi ndiye aliyenipa habari nisiyoitarajia. Mara ya kwanza nilipompelekea diski aliuliza ina nini, nikamweleza yote hadi sauti ya mama iliyopotea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini si ulitutumia kipande kwenye WhatsApp?" Nilikuwa nimesahau. Mwaka huo wa 2016 nilikata dakika tisa nikamtumia binamu yangu wa Kisumu, bintiye shangazi, ili acheke mama alivyosimulia alivyoanguka mtoni na sare ya shule. Tulimpigia pale pale. Ilimchukua siku mbili kuipata kwenye simu yake ya zamani.

Ni dakika tisa kati ya arobaini. Kisu kinasikika kikigonga ubao, mama anacheka, kisha inakatika kabla hajasema nani alimtoa majini. Iko kwenye kasha, iko Nakuru, na binamu bado anayo Kisumu. Shangazi anasema aliyemtoa ni kakake, Dada anasema ni mchunga ng'ombe wa jirani.