Gololi na Mzuka

Ukitaka kumweleza mtu wa Manzese pinboli ni kitu gani, anza na gololi. Si ile ya kioo tuliyokuwa tunacheza vumbini, bali ile ya chuma, ya kwenye beringi, ambayo mwenye nayo mtaani alikuwa mfalme. Hii ina upana wa milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Iweke juu ya ubao mpana ulioinama kidogo kuelekea kwako, wenye vizuizi, vichochoro na shabaha kila upande. Huku chini, karibu na tumbo lako, weka vikono viwili, cha kushoto na cha kulia, kila kimoja na kitufe chake ubavuni mwa kabati. Gololi inateremka, wewe unaipiga irudi juu. Ikipenya katikati ya vikono, basi, imetoka hiyo. Mengine yote, taa, kengele, bampa zinazoirusha gololi kana kwamba imekanyaga moto, ni mapambo juu ya jambo moja: kitu kizito kinashuka na wewe hutaki kishuke.

Vikono vyenyewe vilikuja 1947, kwenye mashine iliyoitwa Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb, Chicago. Kabla ya hapo ulikuwa unaifyatua gololi na kumwachia Mungu. Ndiyo maana wakubwa wa New York waliihesabu pinboli kuwa kamari. Mwaka 1942 waliipiga marufuku mjini mwao, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka 1976. Chicago, mji uliokuwa unazitengeneza kwa maelfu, nao uliwahi kuzikataza. Binadamu bwana!

Mimi nimezijua hapa hapa Chicago, nikiwa mtu mzima. Jioni nafanya kazi kwenye ukumbi mmoja wa magemu ya zamani nje kidogo ya mji. Nafagia, napangusa vioo, nikimaliza nacheza. Na kama kuna mashine moja iliyonikaa kichwani kiasi cha kunikosesha usingizi, ni ile waliyoipa jina Revenge from Mars, ya mwaka 1999, toleo la kwanza la mradi ulioitwa Pinball 2000. Ni mashine iliyojaribu kuoanisha vitu viwili ambavyo watu walidhani haviwezi kulala kitanda kimoja: gololi na televisheni.

Halikuwa jaribio la kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 70 magemu ya video yalipoingia, Space Invaders, kisha Pac-Man mwaka 1980, vijana waliigeukia skrini na pinboli ikabaki inaota vumbi ukutani. Kampuni ya Bally mwaka 1982 ikaja na dawa yake: Baby Pac-Man. Juu waliweka skrini yenye njia za panya za Pac-Man, chini kijiubao kidogo cha pinboli. Ukiwa juu unakimbizwa na mizuka, huna silaha. Inabidi ushuke chini, picha inaganda, gololi inatoka, unapambana nayo mpaka ushinde zile tembe za nguvu, ndipo urudi juu ukaitafune mizuka. Nimeicheza mara nyingi. Wazo zuri, nakubali. Lakini ni nyumba ya vyumba viwili ambayo wapangaji wake hawasalimiani. Kimoja kikiamka kingine kinalala. Huo sio mchanganyiko, ni zamu.

Miaka ya 90 pinboli ikafufuka kwa kishindo. The Addams Family, kazi ya Pat Lawlor ya mwaka 1992, iliuzwa zaidi ya mashine 20,000, na haijatokea nyingine ya kisasa iliyoifikia. Halafu ikaanguka tena, haraka kuliko ilivyopanda. Kampuni ya Williams ya Chicago, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikawaambia wabunifu wake maneno ambayo kila msanii kijana ameyasikia kwa namna yake: leteni kitu kipya, la sivyo tunafunga.

Lawlor na mwenzake George Gomez wakaenda kuchimba kwenye ujanja wa zamani sana. Gomez hakuwa mgeni wa skrini. Alikuwa mmoja wa waliobuni gemu ya video ya Tron mwaka 1982. Ujanja wenyewe wewe msomaji unaujua, ila labda hujaupa jina. Panda daladala usiku, kaa dirishani, taa za ndani zikiwa zinawaka. Tazama nje. Utajiona mwenyewe umekaa barabarani, na magari yanapita ndani ya kifua chako. Kioo hicho hicho kinakuonyesha nje na ndani kwa pamoja. Mwaka 1862, mkesha wa Krismasi, John Henry Pepper alitumia jambo hilo kwenye jukwaa la Royal Polytechnic Institution, London, akaonyesha mzuka katika kisa cha Charles Dickens. Mwigizaji alifichwa chini, akamulikwa taa kali, kioo kikubwa kilichosimamishwa mshazari kikairusha sura yake jukwaani. Watu wakaona mtu anayepenyeka. Mpaka leo unaitwa mzuka wa Pepper, ingawa wazo la mwanzo lilikuwa la mhandisi Henry Dircks. (Mwenye wazo husahaulika. Tuendelee.)

Kwenye Pinball 2000, monita ya inchi 19 imefichwa kichwani mwa kabati, inaangalia chini. Picha yake inagonga kioo kinachofunika ubao, kioo ambacho sehemu yake ya juu imepakwa ili kirudishe mwanga vizuri zaidi. Wewe uliyesimama mbele huioni monita. Unachokiona ni kiumbe wa kijani wa Mars amesimama juu ya ubao wenyewe, kati ya vizuizi vya kweli, anakuzomea. Unapiga gololi, inakwenda, inamgonga, anapasuka.

Kumgonga ndiyo kulikonikosesha usingizi. Siku moja fundi wetu alikuwa ameifungua, nikamwomba anionyeshe. Mzuka haugongeki. Gololi haijui kama kuna kiumbe, na kompyuta, kwa sehemu kubwa ya ubao, haijui gololi iko wapi. Inachojua ni swichi. Pale pale mzuka unapoonekana, Gomez ameweka shabaha ya kweli yenye swichi nyuma yake. Gololi ikigonga swichi, kompyuta inaambiwa, picha inapasuka. Unaona moto, lakini mkononi unasikia ule mshindo wa chuma, kabati linatetemeka, na ubongo wako unaviunga viwili hivyo kuwa kitu kimoja. Ikipita mahali pasipo na swichi, gololi inakatiza kwenye tumbo la kiumbe na yeye anaendelea kukucheka. Hapo ndipo unaona wazi kwamba ni taa tu.

Ninayasema haya kwa sababu nina mgogoro na mshikaji wangu mmoja, mwandishi kama sisi, yuko Sinza. Ameanza kutengeneza video fupi za hadithi kwa ajili ya simu. Sauti yake inasoma, picha zinapita. Amenisakama miezi mitatu. "Kaka, acha ubishi. Nani siku hizi anasoma kurasa nane?" Mwishowe nikampa hadithi moja, ya mwanamke anayepokea habari ya msiba huku anachambua mchele. Nguvu yote ya hadithi ile iko kwenye sentensi moja: hakulia, aliendelea kutoa mawe. Alivyonirudishia video, pale kwenye sentensi ile ile, kaweka picha ya mwanamke analia. Machozi hayo, makubwa! Nilimpigia saa hiyo hiyo bila kujali kwamba Dar ni usiku wa manane. Nikamwambia, hapo umeweka mzuka pasipo na swichi. Akaniuliza swichi ndiyo nini. Simu ikawa ndefu.

Simwambii aache picha, maana mashine ninayoipangusa kila jioni ingenisuta. Ugomvi wangu ni nani anamfuata nani. Baada ya simu ile aliitoa ile picha, akaweka ungo peke yake, mikono inatoa mawe, na sauti yake ikinyamaza kidogo mahali nilipoweka nukta. Hilo toleo la pili nimelitazama mara kumi na kitu. Sijui kama ni hadithi yangu au yake. Bado tunabishana jina la nani litangulie.

Turudi Chicago. Gemu ile watu waliipenda. Ziliuzwa karibu 6,900 katika biashara iliyokuwa kitandani hoi. Ya pili, Star Wars Episode I ya John Popadiuk, ilitoka mwaka huo huo wa 1999, ziliuzwa kiasi cha 3,500. Ubunifu mwingine mtamu: mwenye ukumbi aliweza kuuchomoa ubao wa mchezo na kuweka mwingine kwenye kabati lile lile, asilazimike kununua mashine nzima. Lawlor alikuwa anaandaa ya tatu. Haikutoka. Oktoba 1999 Williams wakaifunga idara nzima ya pinboli. Waliambiwa wavumbue, wakavumbua, wakafungiwa. Kampuni ilikuwa na biashara nyingine yenye faida kuliko hiyo: mashine za kamari za kasino.

Na hapo, jamani, ndipo kisa hiki kinapofika Manzese. Pinboli haikuja kwetu. Yule ndugu yake mwingine ndiye aliyekuja, kwa mkono wa watengenezaji wengine: mashine za Kichina zilizojaa kwenye vibaraza vya maduka na baa, zinazomeza sarafu za mia mbili mbili. Taa zipo, muziki upo, picha zinazunguka. Gololi hakuna. Hakuna kitu chenye uzito ambacho mkono wako unaweza kukiokoa; unabonyeza, unangoja. Nimewaona wadogo zangu wanazisimamia kwa macho yale yale ninayoyaona hapa ukumbini kwenye pinboli, na roho inaniuma kwa namna ambayo sijapata kuiandika vizuri.

Jaribio la kuoanisha halikufa. Huko Texas, kampuni ya Multimorphic imetengeneza mashine inayoitwa P3, ambayo skrini imelazwa sakafuni na gololi inabingirika juu yake. Miale isiyoonekana kwa macho inakatiza juu ya skrini, ikiifuatilia gololi kila inapopita, hivyo picha inaweza kujibu popote. Hii sijaigusa. Natamani kuliko ninavyoweza kusema.

Gomez naye bado yumo kwenye kazi, kwenye kampuni ya Stern, iliyobaki ikitengeneza pinboli pale Williams walipoondoka. Mwaka 2016 Stern walitoa Batman 66, aliyoibuni yeye, ikiwa mashine yao ya kwanza kuwekewa skrini pana ya rangi. Safari hii skrini imekaa kichwani mwa kabati, wazi. Haijifanyi iko ubaoni. Huwa nasimama na ufagio wangu nikiwatazama wachezaji. Gololi ikiwa inatembea, hawainui macho. Ikipotea, mikono inalegea, ndipo wanaitazama picha, huku wanajifuta jasho.