Taa Nyekundu Kwenye Foleni ya Kigongo

Akina mama wenzetu, tunajua mmezoea kusoma hapa habari za watoto, ndoa na mapishi, na huenda mkashangaa leo tunawaletea habari za oili ya gari. Tuvumilieni kidogo. Wengi wetu tuna gari moja kuukuu, la nyumbani au la kikundi, ambalo limepita mikono miwili mitatu kabla ya kutufikia. Siku taa ikiwaka njiani mara nyingi mume hayupo, dereva ananyamaza, na waliokaa nyuma na watoto ni sisi. Haya yaliyotupata tulikaa nayo kimya kwa muda mrefu kwa sababu ya aibu.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa hapa Mwanza kina Hiace ya dizeli. Tuliinunua kwa mtu, kwa fedha za vitumbua, dagaa na mchezo wetu wa kila Ijumaa. Mara moja kwa mwezi hutuvusha kwenda upande wa Sengerema, ambako sisi wauguzi hupima uzito wa watoto na presha za wajawazito, na wenzetu huzungumza na akina mama juu ya uji, usafi na kunyonyesha.

Mwezi wa Machi mwaka 2024 tulikuwa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Daraja lilikuwa bado linajengwa, nguzo zake tunaziona zimesimama ndani ya maji. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na dereva hakuzima gari kwa kuwa betri ilikuwa dhaifu na kila baada ya dakika kadhaa tunasogea mbele hatua chache. Hapo ndipo ikawaka taa nyekundu yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone. Dereva akakanyaga mafuta kidogo, taa ikazimika. Akaachia, ikawaka tena. "Ni waya tu huo, mama zangu," akasema.

Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani, na sote tuliiona. Wawili kati yetu ni wauguzi, watu ambao hawawezi kumpita mgonjwa anayehema vibaya bila kusimama. Hakuna aliyeuliza neno. Kule ng'ambo akina mama walikuwa wanatusubiri tangu asubuhi, nasi tukajiambia kwamba hatuwezi kuwaangusha kwa sababu ya kitaa. Tukavuka, tukafanya kazi, tukarudi usiku. Siku hizi hakuna foleni hiyo tena, maana daraja lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya ziwa, na unavuka kwa dakika chache. Tunashukuru sana. Lakini tumekwisha kujiuliza mara nyingi: lingekuwepo siku ile, je, tungeiona taa? Yetu ilikuwa inawaka injini ikiwa ya moto na gari limesimama tu. Kwenye mwendo ilikuwa inatulia kama mtoto aliyeshiba.

Basi tuwaeleze kile ambacho hatukukijua siku ile. Taa hiyo haisemi kwamba oili ni kidogo. Inasema presha ya oili imeshuka, na hayo ni mambo mawili. Chini ya injini kuna beseni linaloitwa sampu, ndimo oili inamokaa. Pampu huivuta kupitia chujio na kuisukuma kwenye vinjia vyembamba hadi kwenye krenki, ule mhimili mkubwa unaozunguka. Krenki haigusi vyuma vinavyoishika, yaani beringi; inaelea juu ya utando mwembamba wa oili iliyosukumwa kwa nguvu. Presha ikikosekana, chuma kinasagana na chuma, na dakika chache zinatosha injini kunoki. Kwa hiyo taa ikiwaka, mwambieni dereva asimame pembeni na azime, hata kama betri ni dhaifu. Ngojeni dakika kama tano ili oili ishuke, gari likiwa mahali tambarare, kisha vuteni kijiti cha kupimia, mkifute, mkirudishe, mvute tena msome. Ikiwa oili iko chini ya alama, ongezeni. Ikiwa imefika na taa bado inawaka, gari livutwe.

Sisi tulikwenda gereji baada ya siku tatu. Fundi wa kwanza alisikiliza injini kwa dakika moja, akasema imekwisha, tutafute nyingine, shilingi milioni nne na nusu pamoja na kufunga. Mama mweka hazina nusura azimie. Fundi wa pili alikuwa mpole zaidi. Alimwaga oili ya zamani, akaweka nzito kuliko ile tuliyokuwa tukitumia, na juu yake kopo la dawa ya kuongezea. Taa ikazimika kabisa, nasi tukamsifu.

Hapa tunaona aibu kuliko pale Kigongo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na sisi wenyewe tumewagombeza akina mama wangapi kwa kumpa mtoto vidonge vya homa na kukaa nyumbani, eti mwili umepoa! Oili nzito ilikuwa kidonge cha homa. Kwenye injini iliyolegea inapita kwa shida, hivyo presha inapanda na taa inazimika, lakini kilichoileta homa bado kipo palepale.

Katika kikao cha Mei ikaamuliwa gari liuzwe kabla taa haijarudi. Hakuna aliyetamka maneno hayo ya mwisho, ila tulielewana. Wanunuzi walipatikana upesi, kikundi cha akina mama wa kanisa jingine upande wa Magu, nao wakaleta kishika nafasi cha shilingi laki tano. Waliomba maelezo ya gari kwa maandishi. Sisi tunaoshika kalamu ya katibu ndio tuliyaandika, na tulipofika kwenye injini tukaandika: "Nzima. Haili oili." Ilikuwa kweli. Tangu fundi aiweke, dereva hakuongeza hata tone.

Aliyetuzuia ni mama mwenyekiti. Alisema hawezi kuuza mgonjwa asiyejua anaumwa nini, akamwita baba yake mzazi, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha injini cha meli hapa ziwani. Alikuja asubuhi na kikapu cha spana. "Mwangaluka, mama zangu," akasalimia, nasi tukamwamkia shikamoo. Akatusikiliza hadithi yote hadi mwisho, kisha akauliza, "Na presha mlipima ikawa ngapi?"

Tukatazamana. Mafundi wawili, vikao viwili, mnunuzi amepatikana, na hakuna aliyepima.

Mzee alianza na kijiti. Akakifuta, akakirudisha, akakivuta, akatuita tusogee. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. "Nani ameongeza?" Hakuna. Akaipaka kati ya kidole gumba na cha shahada, ikateleza kama mafuta ya taa. Akatunusisha mmoja mmoja. Ilikuwa inanuka dizeli.

Wapendwa, miaka ishirini na zaidi tumewaambia wajawazito kwamba kuongezeka uzito ghafla si kunenepa, huenda ni maji, na miguu ikivimba waje tupime presha na mkojo mara moja. Na hapa tulikuwa na gari linalovimba, tukaandika kwa mkono wetu kwamba haili oili! Dizeli ilikuwa inavuja polepole ndani ya injini, inashuka kwenye sampu, inaifanya oili kuwa nyepesi na kujaza nafasi ya ile inayoungua. Kijiti kikasoma vizuri, halafu vizuri zaidi, nasi tukafurahi.

Kisha akapima. Kwanza alichomoa waya wa swichi ya oili, ile inayowasha taa, taa ikabaki imezimika. Akagusisha waya kwenye bodi, ikawaka. Waya hauna kosa. Akafungua swichi yenyewe na mahali pake akafunga geji yenye mpira mrefu, inayosoma kwa pauni kwa inchi ya mraba. Tulidhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza anaanza. Injini ikiwa baridi sindano ilisimama kwenye 40. Mzee akasema presha ya asubuhi si ya kuamini, maana oili baridi ni nzito na huficha mengi. Ndiyo sababu gari linamdanganya mnunuzi anayeliwasha mara moja barazani. Akatuendesha hadi Usagara na kurudi. Injini ikiwa ya moto, likinguruma taratibu, sindano ilishuka hadi 4. Alipokanyaga hadi mizunguko kama elfu tatu kwa dakika ilipanda hadi 20 tu. Mafundi wengi, alisema, hutaka angalau 10 kwa kila mizunguko elfu moja, kwa hiyo ilipaswa kupita 30. "Na ingekuwa inaanguka kila nikikanyaga," akaongeza, "ningelishuku chujio limeziba, pampu inanyonya hewa."

Akamwaga oili yote, akaweka mpya ya uzito unaotakiwa na filta mpya, akapima tena ikiwa ya moto. Sasa 9, na kwa mizunguko elfu tatu 28. Hapa palitufundisha kuliko kwingine kote, nasi tunaomba mpaangalie vizuri. Oili ilikuwa safi, dizeli haimo, na bado presha ilikuwa chini kidogo. Maana yake ugonjwa ulikuwa na sehemu mbili: dizeli iliyoingia, na kitu kilichokuwa kimelika wakati sisi tunaendesha na oili nyepesi.

Nozeli zilipelekwa kwa fundi anayezipima kwenye mashine. Mbili kati ya nne zilikuwa zinadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza kama ukungu, na ndiyo sababu ya ule moshi wa asubuhi ambao tulizoea kuulaumu ubaridi. Sampu ikafunguliwa. Chujio lilikuwa na tope jeusi hadi karibu nusu. Beringi zilipotolewa, mzee alizipanga juu ya gazeti. Nyingi zilikuwa na rangi ya kijivu, zimechakaa kwa kiasi, lakini moja ilikuwa imelika mpaka shaba inaonekana. Krenki aliipapasa kwa ukucha, akaipima, akasema imepona, asante Mungu. Nozeli, beringi, oili mara mbili, filta, gasketi na ufundi, jumla yake laki nane na elfu themanini. Siku ya kupima tena sindano ilisimama kwenye 14 na 42.

Lakini barua ilikuwa bado iko Magu. Katika kikao wengine walisema gari sasa ni zima kweli, kwa hiyo maneno yetu yamekuwa kweli, ya nini kufukua? Tulibishana hadi giza likaingia. Mwishowe tulikwenda sita, kwa gari hilohilo, tukiwa na laki tano kwenye bahasha na karatasi yenye namba zote, za kabla na za baada. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, alisoma kimya. Tukamweleza kila kitu, pamoja na nani aliandika "haili oili" na alikuwa anajua nini. Alitukaribisha chai. Hatukujua tuinywe vipi.

Walichukua fedha yao. Hawakulinunua gari, nasi hatukuthubutu kuwashawishi. Wiki mbili baadaye alimpigia simu mama mwenyekiti, akasema wamepata gari jingine, linaonekana zuri, lakini hawajalipa. Aliomba yule mzee aje Magu na geji yake, nauli watatoa wao. Mzee alikwenda, akaomba waendeshe kwanza hadi Nyanguge na kurudi.

Gari letu bado tunalo. Ndani yake kuna daftari la mistari, tunaandika kila mwezi: kijiti kinasoma wapi, kinanuka nini, na kila baada ya miezi mitatu mzee hufunga geji. Mama mweka hazina ndiye mkali wa kunusa, hataki dereva amsomee. Jumamosi iliyopita, baada ya safari ya Sengerema, injini ikiwa ya moto na likinguruma taratibu pale uwanjani kwa kanisa, ilikuwa 13.