Kiatu Mlangoni

Usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii tumeiandika ubaoni mara nyingi mbele ya wanafunzi wetu wa Bujumbura, lakini maana yake ilituingia sawasawa mwezi wa Desemba 2012, tulipokuwa masomoni katika mji wa Leipzig, Ujerumani.

Tulipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mpole, asiye na maneno mengi. Asubuhi ya tarehe 6, tulipotaka kuvaa viatu tulivyoviacha nje ya mlango kwa sababu ya theluji, tulikuta kimoja kimetiwa chungwa, njugu na kipande cha chokoleti. Moyo ulishtuka. Kwetu, kitu kilichotiwa kwa siri katika kiatu cha mtu hakitiwi kwa wema. Tukavikung'uta vyote katika pipa la taka, naye bibi amesimama jikoni anatutazama. Hakusema neno, aligeuka akaendelea kuosha vikombe.

Darasani mwalimu aliuliza kama Nikolaus ametupitia. Ndipo tulipoelezwa kwamba usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba watoto wa Ujerumani husafisha viatu vyao wakaviweka mlangoni, na asubuhi huvikuta vina matunda, njugu na peremende. Ni ukumbusho wa Mtakatifu Nikolai, askofu wa Myra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, anayesifiwa kwa kuwapa maskini kwa siri. Nasi kanisa lenye jina lake, Nikolaikirche, tulilipita kila siku katikati ya mji, tukisoma jina tu.

Tulirudi tumeinamisha kichwa. Kijerumani chetu kilikuwa haba, lakini neno la kuomba radhi tulilijua. Bibi alitabasamu, akasema kwamba wanawe wako mbali, na ni miaka mingi tangu alipopata kiatu cha kutia kitu. Maneno hayo yalituuma kuliko karipio.

Jioni ya tarehe 24, ambayo kwa Wajerumani ndiyo kilele cha Noeli, maduka yalikwisha kufungwa na njia zilikuwa tupu. Tulikaa chumbani tukiwaza kwetu, ambako siku ya Noeli milango huwa wazi, na sahani za wali huvuka ua hadi kwa jirani Mwislamu. Mara tukasikia mlango unabishwa. Bibi alitukaribisha mezani tule soseji na saladi ya viazi, chakula cha jamaa nyingi za huko jioni ile. Katikati ya meza palikuwa na duara la matawi ya msonobari lenye mishumaa minne, ambayo huwashwa mmoja mmoja kila Jumapili ya Majilio. Yote minne ilikuwa inawaka.

Ndugu walimu, tunapofundisha neno tusiishie kwenye ngeli yake. Sisi neno "kiatu" tulilijua kwa Kijerumani, umoja na wingi, na bado zawadi tuliitupa.