Mama yangu mbele ya jaji: siku tuliyodai kodi kwa familia iliyokimbia vita

Asubuhi ile mama yangu alivaa kitenge chake cha Jumapili. Ndani ya mfuko wa plastiki alitia kadi yake ya mpiga kura na karatasi za kiwanja. Tulipanda pikipiki mbili hadi kwenye mahakama ya amani, hapa Beni. Hatukuwa na avoka. Pesa ambayo angetuomba ingelimeza deni lote tulilokuwa tunalifuata, na sheria inamruhusu mtu kujitetea yeye mwenyewe.

Wasikilizaji wengi wanajua sauti yangu kwa habari za wakimbizi. Siku ile nilikuwa upande wa pili, kwa hiyo ninawaandikia kama mtoto wa mwenye nyumba.

Baba yetu alituachia nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, komini Mulekera. Mama ni mjane. Kodi ya nyumba hiyo, dola 20 kwa mwezi, ndiyo chumvi na sabuni yake. Aliyepanga alikuwa baba mmoja mwenye mke na watoto watano, kutoka upande wa Mbau. Ninyi mnajua habari ya upande huo: tangu Oktoba 2014 watu wanauawa mashambani, na wanaobaki wanakimbilia mjini. Baba huyo alikuwa na shamba la kakao. Mwanzoni alikuwa akienda kuvuna kwa siku moja na kurudi, na kodi ilifika. Baadaye njia ikawa mbaya, naye akaacha kwenda. Kodi ikakatika. Mama alihesabu miezi tisa, dola 180.

Majirani walimpa mashauri. Mmoja alimwambia atoe mabati juu ya nyumba, watatoka wenyewe mvua ikinyesha. Mwingine alisema tuite askari wamtie baba huyo kasho siku mbili, pesa itapatikana. Nilikataa yote mawili. Deni la nyumba si kosa la jinai. Hata hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa mwaka 2021 ilipeleka kesi za jinai kwa mahakama za kijeshi, haikumpa askari kazi ya kukusanya kodi. Kumfungia mtu kwa sababu ya kodi ni kumwonea, na anayeita askari anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa.

Tulipita kwanza ofisi ya makazi, ile watu wanaita Abita. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji inataka watu wapatanishwe kwanza huko. Mara ya kwanza mpangaji hakufika. Mara ya pili alifika, lakini mama alitaka pesa yote na nyumba ndani ya wiki moja. Wakaandika kwamba hatukupatana. Tulipotoka, mke wa mpangaji alinishika mkono. Hakupiga kelele. Alisema: «Yaya, si ni wewe unasemaka kwa redio kama wakimbizi wasifukuzwe?»

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vizuri.

Mahakamani kesi zinaandikwa kwa Kifaransa, lakini jaji alizungumza na mama kwa Kiswahili. Mama alikuwa amejitayarisha wiki nzima. Alianza na kifo cha baba, akafika kwenye ugonjwa wa magoti, akataka kuendelea na minervali ya mdogo wangu. Jaji alimsikiliza kidogo, kisha akauliza:

— Mama, mkataba uko wapi?

— Tulikubaliana kwa mdomo, Bwana jaji. Shefu wa avenyu alikuwa pale.

— Na daftari ya malipo?

— Iko ndani ya kichwa changu.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana niliona mikono ya mama inatetemeka. Miezi tisa ile ilikuwa kweli kwake kama jua, lakini jaji hakuwa na kitu cha kushika.

Kisha jaji akauliza ni garanti ya miezi mingapi aliyopokea. Mama alijibu bila kuficha: sita. Dola 120. Alidhani swali hilo litaonyesha kwamba yeye ni mtu wa kweli. Jaji akaandika, akamwambia kwamba kwa nyumba ya kulala sheria hairuhusu kupita miezi mitatu.

— Na hiyo pesa iko wapi sasa?

Mama alinyamaza. Mimi nilijua iko wapi, kwa sababu nilikuwa nimeihesabu kwa mikono yangu siku ile ilipopokelewa. Ilikwenda chuo kikuu kulipa masomo ya mdogo wangu. Hapa kwetu tunapokea garanti kama vile tumeuza mbuzi, na tunasahau kwamba mbuzi bado ni wa mtu.

Mpangaji naye hakuwa na avoka. Alisimama na kofia mkononi, akasema mwezi mmoja aliulipa kwa mdogo wangu, siku mama alipokuwa amekwenda Butembo. Mama alikana mbele ya wote. Jaji akaahirisha kesi. Jioni tulimpigia mdogo wangu simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: «Ni kweli. Nilizitumia, nikasahau kukwambia.»

Siku ya pili mama ndiye aliyeomba kusema kwanza. Alisema: «Bwana jaji, huyu baba hakudanganya. Mtoto wangu alipokea.» Sijawahi kumheshimu mama yangu kama dakika ile. Hapo hesabu ikawa nyepesi: miezi minane, dola 160. Ukitoa garanti ya 120, zinabaki 40. Kwa dola 40 tulikuwa karibu kuvua nyumba mabati juu ya watoto watano.

Walipatana palepale, na jaji akaandika mapatano. Familia ingebaki hadi mwisho wa mwaka wa masomo ili watoto wamalize darasa, ikilipa kodi ya kila mwezi inavyokuja, na dola 40 zingelipwa mara nne. Lakini msidhani mama alitoka anacheka. Miezi minane amekula kwa mkopo dukani, na duka halijui habari ya Mbau. Mwenye nyumba wengi hapa kwetu si tajiri. Ni mjane mwenye vyumba viwili, naye anamdai mtu ambaye vita ilimnyang'anya shamba. Aliyesababisha deni lenyewe hakuitwa mahakamani.

Ndugu mwenye nyumba, ukitaka kusimama mwenyewe mbele ya jaji, peleka mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na daftari yenye tarehe na sahihi za pande zote mbili. Garanti usipitishe miezi mitatu, na usiile. Machozi yako jaji atayaona, lakini hawezi kuyajumlisha. Nawe mpangaji, usimpe mtoto wa nyumba pesa bila karatasi, na ukiitwa Abita, nenda. Baba wetu huyu aliponea kwa neno la mama, lakini si kila mama atasema.

Malipo matatu yamefika. La nne bado. Juma lililopita mke wake alikuja na dola tano, akaomba radhi kwa nyingine tano. Mama alimkaribisha akae, akachukua daftari mpya iliyo juu ya kabati, akaandika tarehe, akaandika tano, akampa kalamu atie sahihi. Kisha akamwomba mdogo wangu, ambaye yuko likizo, aandike jina lake kama shahidi.